Baada ya Matokeo Kusomwa

Warsha za wadau nazijua: kablasha lenye kalamu, slaidi zisizosomeka kutoka viti vya nyuma, chai ya saa nne, halafu maazimio ambayo mwandishi wake alikuwa nayo kwenye kompyuta tangu asubuhi. Kila mtu anasaini posho, tayari ameshirikishwa.

Ndiyo maana tathmini ya Uwezo, iliyoanza kwetu Tanzania, na Kenya na Uganda, kwa kufuata mfano wa tathmini ya ASER ya India, ilinivutia. Vijana wa kujitolea waliingia nyumba kwa nyumba kupima watoto kusoma kwa kiwango cha darasa la pili. Mtoto anakaa mkekani, anapewa karatasi: silabi, neno, aya, hadithi. Mama, ungo mkononi, anamsikia mwanawe wa darasa la tano akikwama kwenye aya. Matokeo anaambiwa palepale, waziri bado hajayaona.

Ungetegemea mama huyo aamkie shuleni. Lakini watafiti Lieberman, Posner na Tsai walipowafuatilia wazazi vijijini Kenya, katika utafiti uliochapishwa 2014, hawakuona tofauti ya maana katika ushiriki wa waliopewa matokeo na wasiopewa. Sishangai. Ratiba ya shule hapangi yeye. Na mwalimu mtoro atamsema vipi, wakati kesho mtoto anarudi kukaa mbele ya mwalimu yuleyule?

Mradi wa afya wa TEHIP, Rufiji na Morogoro Vijijini, ulianzia kwingine. Wadodosaji walizunguka kaya wakiuliza nani amefariki, kwa dalili gani. Majibu yakachorwa, michoro ikawekwa mbele ya timu za afya za wilaya kando ya bajeti yao wenyewe. Malaria iliua wengi, ikatengewa kidogo. Wakahamisha fedha, wakabadili na namna ya kutibu watoto; katika miaka michache vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Walioisoma michoro ndio walioshika kalamu ya bajeti.

Mama wa ungo naye ana kikao chake. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, na shule ina kamati yenye wazazi. Basi takwimu za taifa zibaki Dodoma. Kijijini ziletwe za shule ile moja, zisomwe mwalimu mkuu akiwepo, mipango ya mwaka ikiwa bado haijafungwa, na mtendaji aandike kwenye muhtasari nani atafanya nini kabla ya mkutano ujao.