Shilingi Moja kwa Neno

Mteja alitaka maneno 800 kuhusu kula chakula cha jioni jangwani, chini ya nyota. Malipo yalikuwa shilingi moja kwa neno. Alinitumia picha za Chalbi, kule Marsabit: meza ndefu yenye kitambaa cheupe katikati ya ardhi kavu, kandili zimepangwa chini, glasi za mvinyo, na juu yake anga iliyojaa nyota hadi nikashuku imetengenezwa na kompyuta.

Mimi sijawahi kupita Isiolo. Lakini nikaandika. Niliandika kwamba Chalbi ilikuwa sakafu ya ziwa zamani, ndiyo maana ardhi yake ni nyeupe kwa chumvi. Kwamba ukingoni mwake kuna Kalacha, yenye chemchemi na mikoma, ambako Wagabra hunywesha ngamia wao. Kwamba hakuna jiji la karibu la kuchafua giza. Kuchafua giza! Hapo nilijipongeza.

Nilikuwa nayaandika haya Makina, Kibera, ambako giza lenyewe halifiki. Nyuma ya ploti yetu kuna mulika mwizi, ule mlingoti mrefu wa taa, na mwanga wake unaingia kwa dirisha hadi asubuhi. Nyota ninazoziona ni mbili tatu, na moja huwa ni ndege. Silalamiki. Muulize mama yeyote anayetoka kazini saa nne usiku kama anataka nyota au anataka taa.

Kwa neno la 600 hivi nikakwama. Ilikuwa Jumapili, tarehe 10 Desemba 2023. Nikatembea hadi kwa mama, Kawangware, kumsalimia na, kusema ukweli, kuchaji laptopu, maana tokeni zangu zilikuwa zimeisha. Kama saa mbili usiku stima zikapotea. Tukadhani ni ile transfoma ya mtaa, kama kawaida. Baadaye simu zikatuambia ni karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa JKIA.

Mama alikuwa na githeri kwa jiko la makaa pale nje ya mlango. Nikatoa viti. Majirani nao wakatoka, mmoja mmoja, na sahani zao. Mwezi haukuwepo. Mvua zilikuwa zimenyesha wiki nzima na anga ilikuwa imeoshwa. Juu ya mabati ya Kawangware kukatokea ile picha ya Chalbi, bila kitambaa.

"Ile ni Kilimia," mama akasema, akielekeza kwa kijiko.

Sikujua mama anajua nyota. Alikulia Mwingi, na kwao walikula nje karibu kila usiku, muthokoi, wameketi kwa mkeka. Nikamuuliza kama ilikuwa raha. Nilikuwa natafuta sentensi ya kumalizia kazi, si jibu.

"Raha gani? Tulikuwa tunaokoa mafuta ya taa. Na gizani hakuna mtu anaona sahani ya mwenzake iko na nini. Nyanya yako alikuwa anagonga kijiko kwa sahani tupu, ndio tudhani anakula."

Akaendelea kula. Mimi nikashindwa. Sijui ni lile giza, au ni ile sahani ya nyanya, lakini nikajisikia nikisema kitu nilichokuwa nimekificha karibu miaka miwili.

"Mama, mimi niliacha chuo."

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Uliacha kuniomba nauli." Akanipakulia tena, kwa kubahatisha, nusu ikamwagikia mkono wangu. "Kula, itapoa."

Hatukuongea zaidi ya hapo. Mtoto wa jirani alikuwa anahesabu nyota kwa sauti, anafika 29 anarudi 20.

Asubuhi stima zilikuwa zimerudi. Nikamalizia makala, na mwishoni nikaweka nyanya na sahani yake. Mteja akanijibu haraka: kazi nzuri sana, ila ile sehemu ya mwisho ameitoa, wageni wanaokwenda jangwani hawataki huzuni. Nikahesabu. Maneno 37, na yamekatwa kwa malipo.

Shilingi 763 ziliingia kwa M-Pesa Jumatano jioni. Nikamtumia mama 200 za tokeni.