Barua Kutoka Muheza: Kikosi cha Anga Kilichojengwa kwa Mkonge

Msomaji wangu mpenzi,

Nimekuja Muheza kutazama ndege za kivita. Usishtuke, hakuna vita. Ndege zenyewe ziko juu ya kabati la fundi seremala mmoja, mtaa wa nyuma ya reli, na hakuna hata moja kati yake iliyowahi kuruka duniani. Ni ndege za "ingekuwaje kama". Ingekuwaje kama Tanganyika ya mwaka 1938 ingekuwa na kikosi chake cha anga, chenye makao Muheza? Swali hilo limenikaa kichwani muda mrefu, na kumbe kuna mwenzangu anayelijibu kwa kisu na msasa.

Asubuhi nilipanda Hiace pale stendi Tanga, nauli shilingi 2,500. Kulia kwangu dada mwenye ndoo ya dagaa, kushoto mzee aliyepakata jogoo mtulivu kuliko abiria wote. Tulipopita Pongwe mambo yalikuwa mazuri, ila kabla ya Mkanyageni tairi ikatoa pumzi. Pancha! Tukashuka wote. Ndani ya dakika chache mama mmoja akatokea na sinia la fenesi, kipande 300, na watu waliokuwa wananuna wakaanza kutema kokwa na kucheka. Mpaka tairi inafungwa, nilishajua mtoto wa nani anaolewa mwezi ujao na mahari imefikia wapi.

Muheza nikaingia na njaa. Karibu na stendi kuna mama anauza mbaazi za nazi, nzito, zimekolea tui mpaka kijiko kinasita kuzama. Bakuli 1,000, mandazi mawili 400, chai ya maziwa 500. Ile chai, ndugu yangu! Iliki na mdalasini vinashuka kutoka Amani, huko juu milimani, na mama anavitia bila ubahili. Nilipomuuliza njia ya kwa fundi wa ndege, hakushangaa hata kidogo. Alinielekeza kwa mwiko: "Vuka reli, fuata mchungwa mkubwa, ukisikia msasa umefika."

Nikafika. Banda la fundi limejaa miguu ya meza na vitanda visivyomalizika, maana hivyo ndivyo vinavyolipa ada za watoto. Ndege anazifanya kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya swala ya alasiri. Malighafi yake ni ule mti mrefu unaochomoza katikati ya mkonge unapozeeka. Ukikauka unakuwa mwepesi ajabu na unakubali kisu. Nilishika kipande chenye urefu wa mkono wangu, nikahisi nimeshika hewa yenye ganda.

Akaanza kwa kunieleza sheria ya banda. Ndege lazima iwe ya kabla ya vita kuu ya pili, iliyokuwepo kweli. Ukitaka kubadilisha kitu, utaje sababu, na sababu iwe ya kweli. Hutaki joto la Muheza lisumbue injini? Sema injini ilipozwaje. "Mtu akija na ndege ya kutoa moto mkiani ati kwa sababu inapendeza, namkaribisha chai, lakini kabatini haipandi," alisema. Nilimpenda papo hapo.

Hata kikosi chenyewe hakikuota kutoka hewani. Miaka ya 1930 kampuni ya Wilson Airways ya Nairobi, iliyoanzishwa na Bi Florence Wilson mwaka 1929, ilikuwa ikileta barua na abiria mpaka pwani yetu hii, Tanga ikiwemo. Vita vilipoanza mwaka 1939, ndege na marubani wake wakachukuliwa kwa kazi ya jeshi. Fundi anauliza tu: ingekuwaje kama mmoja wa mafundi wa kampuni hiyo angetangulia mwaka mmoja na kuweka karakana Muheza, penye reli ya kuleta vipuri na ardhi ya kusawazisha uwanja? Kutoka hapo anaendelea kwa hatua fupi fupi, na kila hatua unaikubali.

Ndege ya kwanza aliyonishushia ni Hawker Fury. Ni ile ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931 na kuwa ya kwanza katika utumishi wa jeshi la anga la Uingereza kuvuka maili 200 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 320. Fury halisi zilikaribia kwetu, kwani Jeshi la Anga la Afrika Kusini lilizileta Kenya mwaka 1940 kupambana na Waitaliano waliokuwa Ethiopia na Somalia. Sasa itazame Fury ya Muheza. Injini yake ya Kestrel hupozwa kwa maji, kwa hiyo fundi ameikuza rejeta iliyo chini ya tumbo, na tairi amezifanya pana kwa ajili ya tope la masika. Ubavuni kuna kichwa cha twiga ndani ya duara jeupe, alama iliyokuwa kwenye bendera ya Tanganyika ya enzi hizo. Twiga mwenyewe ni mdogo kuliko kucha yangu, na ana kope.

Ya pili ni Gloster Gladiator, na hapa moyo wangu ulibaki. Hii iliruka mara ya kwanza mwaka 1934, ikawa ndege ya mwisho ya mapambano yenye mabawa mawili-mawili kuingia jeshi la anga la Uingereza. Ina bunduki nne za rashasha, na injini yake ya Mercury hupozwa kwa upepo tu. Fundi anasema hiyo ndiyo ndege ya pwani, haina rejeta ya kupasuka. Halafu akaipindua nikaona chini: badala ya magurudumu kuna maboya mawili marefu, yamechongwa mfano wa mitumbwi. Nikamwuliza sababu. Akajibu bila kufikiri: Wafini waliifunga Gladiator miti ya kutelezea ili itue juu ya theluji. Kama Mfini aliifanya ifae theluji yake, sisi tuna ghuba ya Tanga. Nilikosa la kubisha.

Lakini ndege ya majini lazima ijaribiwe majini, na bahari iko mbali. Basi mtoto wa jirani akaleta beseni la kufulia, tukalijaza maji, tukaishusha Gladiator taratibu. Ikaelea! Imenyooka, mabawa yake ya nusu mita yametulia, fundi amejishika kiuno kwa furaha. Kisha akaja bata. Bata wa jirani ana haki ya zamani juu ya beseni lile, na hakutaka mjadala. Aliruka ndani, wimbi likainuka, Gladiator ikapanda ukingo na kuangukia kwenye maranda ya mbao. Uzi mmoja wa bawa ulikatika, boya likapata mkwaruzo, basi. Fundi akachukua kalamu na kuandika kwenye daftari: "Imestahimili wimbi kubwa." Daftari hilo lina kila kitu, mpaka uzito wa kila ndege.

Kelele zile zikamwita bibi wa nyumba ya pili. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, za utokako?" Akaketi kwenye kitanda kisicho na chaga, akaitazama ndege, akauliza swali lililotusimamisha wote: "Hii ingebeba machungwa?" Fundi akaeleza kwa heshima kwamba ni ndege ya kivita, kiti kimoja, haina nafasi ya gunia. Bibi akasema basi haina faida. Hapo nikaingilia kati, kwa kuwa najua jambo moja kuhusu Gladiator: zilipopitwa na ndege mpya, baadhi zilihamishiwa kazi ya kupanda juu kila siku na kupima hali ya hewa, na zikaifanya kazi hiyo miaka mingi ya vita. Bibi akanyanyua kidole. "Ingetuambia masika yanaingia lini?" Ingesaidia, bibi. "Aa, hiyo basi muiache." Ndivyo ilivyopata kazi yake ya pili, na fundi ameshaiandika kwenye daftari.

Mchana bibi huyo huyo akatuita kula. Bada! Ugali wa muhogo, laini, unaovutika, kwa mchuzi wa samaki wa nazi na kisamvu pembeni. Ukila bada usiwe na haraka, tonge linataka kuheshimiwa. Nilipotaka kutoa chochote bibi alinitazama kwa namna ambayo nilirudisha mkono mfukoni upesi.

Jioni ilipokaribia, fundi akaniambia ndege ya tatu haijamalizika na tunahitaji singa, yaani nyuzi za mkonge. Tukapanda bodaboda, 2,000 kwenda, mpaka upande wa Ngomeni, mkonge mistari kwa mistari mpaka macho yanachoka. Korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ilikuwa inafanya kazi. Majani yanaingia mabichi upande mmoja, yanapondwa, maji na nyama ya jani vinamwagika, na upande wa pili zinatoka nyuzi ndefu za kijani hafifu. Harufu yake kali, inashika nguo. Nje zimeanikwa juani, nyeupe, zinapepea, na kina mama wanazigeuza kwa ustadi. Kijana mmoja akatuuzia kitita kwa 2,000, akatuongezea kidogo alipojua ni cha ndege.

Sasa nikuambie kwa nini singa. Ndege ya tatu ni Spitfire, ile iliyoruka mara ya kwanza Machi 1936. Uingereza ilipohofia kuishiwa alumini, mhandisi Norman de Bruyne na wenzake, huko Duxford, walichukua nyuzi za kitani, wakazilowesha gundi ya viwandani, wakazibana kwa joto, wakapata ubao mgumu na mwepesi. Wakautumia kujenga kiwiliwili cha Spitfire cha majaribio. Alumini ikatosha, mpango ukaishia hapo. Lakini kitani ilikuwa bidhaa ya Ulaya, na miaka ile Tanganyika ilikuwa inatoa karibu tani 100,000 za katani kwa mwaka, nyingi zikienda kuwa kamba. Unaiona ilipo "ingekuwaje"?

Tuliporudi bandani alinionyesha. Anachambua singa kwa vidole, moja moja, anaondoa zile nene. Anazilaza kwenye kalibu ya mbao iliyopakwa nta, tabaka la kwanza likienda urefu wa bawa, la pili likikatiza mshazari, la tatu likirudi. Gundi anaipaka kwa brashi iliyokatwa fupi, anabana kwa vibanio vya nguo, kumi na viwili kwa kila upande. Alinipa kipande cha juzi nikikunje, nikakaza mikono yote miwili, hakikukunjika. Lakini hapigi chuku. Singa ni nene na haifikii kitani kwa uimara, kwa hiyo mhimili mkuu wa bawa ameuacha wa mbao, na katani ameiweka kwenye ngozi ya kiwiliwili na mkia. Leo hii nyuzi za mkonge zimo ndani ya paneli za milango ya magari huko Ulaya, kwa njia inayofanana na hiyo. Alichobuni fundi ni tarehe na mahali tu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini napenda mchezo huu. Ndege za miaka ile zilipita juu ya vichwa vya babu zetu, na hakuna aliyewauliza wangeziundaje. Fundi anawauliza sasa, kwa niaba yao: una mkonge, una tope, una ghuba, una masika yasiyotabirika, ungefanya nini? Majibu yanatoka kwenye mambo yaliyo mbele ya mlango wake. Mtu aliyezoea kujiuliza hivyo kuhusu mwaka 1938 hatashindwa kujiuliza kuhusu mwaka huu.

Kabla ya kupanda gari nilinunua machungwa, kijani nje na asali ndani, saba kwa 1,000. Muuzaji aliyamenya kwa kuzungusha kisu mara moja, ganda likatoka utepe mmoja mrefu, na chumvi yenye pilipili akanifungia kwenye karatasi bure.

Sasa sikiliza, nina kazi kwako. Ndege ya nne itakuwa Hurricane ya mwaka 1935, na nusu ya nyuma ya kiwiliwili chake ilivikwa kitambaa. Fundi anataka kuivika pamba ya hapa nchini, na anatafuta mtu anayejua nguo: uzito gani, ufumaji gani, ivutwe vipi isilegee kwa unyevu wa pwani. Nimemwambia nina rafiki msomaji ambaye hatakosa la kusema. Andika jibu lako, taja na sababu, maana sheria ya banda unaijua.

Wako akupendaye,
niliyeko Muheza