Wazee wa miaka 19

Richardson iko kaskazini mwa Dallas, na mwezi wa Agosti joto hupita nyuzi 38. Huko nilitumikia nikiwa mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wavulana hutumikia miaka 2, wawili wawili, na kila mmoja huitwa "Mzee". Mzee wa miaka 19, hebu fikiria!

Mwenzako humchagui, unapangiwa. Wa kwanza, mtoto wa mkulima kutoka Idaho, alinizoeza kuamka saa 12 na nusu asubuhi bila kununa. Wa pili, Mtonga, ndiye simsahau. Mama yake alikuwa mgonjwa, na kabla ya 2019 tuliruhusiwa kupiga simu nyumbani mara 2 tu kwa mwaka: Krismasi na Siku ya Mama. Usiku alilia kimya. Asubuhi alipiga pasi mashati yake, kisha yangu. Sikumwomba.

Siku moja tulipanda treni ya DART hadi Park Lane, kuwatembelea Wakongo wa Vickery Meadow. Mama mwenye nyumba alimtazama, akamtengea ugali kabla yangu.

"Mwanangu, huyu ana jambo," aliniambia. "Mwambie akule kwanza. Neno la Mungu baadaye."