Mahame ya Tyneham na Mahame Yetu

Kusini mwa Uingereza, mkoani Dorset, kuna kijiji kidogo kiitwacho Tyneham ambacho hakina mkazi tangu Desemba 1943. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepamba moto, na jeshi lilihitaji bonde zima kwa mazoezi. Watu wapatao 225 walifungasha virago siku chache kabla ya Krismasi. Kwenye mlango wa kanisa waliacha ujumbe wakiwaomba askari wazitunze nyumba, kwani wangerudi siku moja. Hawakurudishwa. Mwaka 1948 serikali iliitwaa ardhi hiyo kabisa. Wengi wao walikuwa wapangaji tu, hivyo fidia yao ikawa ya mazao yaliyokuwa bustanini.

Mimi, mjukuu wa watu wa Handeni, Tanzania, siwezi kuyasoma hayo kama habari za wengine. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, ukoo wetu nao uliacha makazi yake ukahamia kando ya barabara. Mambo haya mawili hayakulingana. Tyneham watu waliondolewa kupisha mizinga. Kwetu ilikuwa kwa ajili ya shule, zahanati na maji, na shule baba aliipata kweli. Hata hivyo bibi alizeeka akiitaja miembe aliyoiacha.

Ninachowaonea wivu Waingereza ni utunzaji. Nyumba za Tyneham hazina paa, madirisha yamebaki matundu, lakini ndani ya magofu mna mabango yanayoeleza nani aliishi pale na alifanya kazi gani. Shule yao, iliyofungwa mwaka 1932 kwa uhaba wa wanafunzi, imehifadhiwa. Jeshi bado linapiga shabaha bondeni, ila wikendi nyingi njia hufunguliwa, wazazi wakaja na watoto wao kusoma.

Mahame yetu yana miembe, makaburi na jiwe la kusagia lililobonyea katikati. Majina yamo vichwani mwa wazee, nao wanatutoka. Ikiwa wapangaji wa Dorset, watu wasio na cheo, wanastahili kukumbukwa kwa majina, babu zetu wanastahili vilevile. Sisi wa ughaibuni hutuma nyumbani fedha za bati na saruji. Tutume na za kumlipa kijana wa kuyaandika majina hayo. Nawe ukienda likizo, fuatana na mzee hadi kwenye mahame yenu, akuoneshe nyumba ya nani ilisimama wapi, uandike. Kazi hiyo haihitaji kibali cha serikali, na mzee huyo huenda asiwepo likizo ijayo.