Fundi Bomba Alivyonitia Matatani

Jamani, nianze kwa kukiri: kwenye simu yangu palikuwa na mwanaume anayeitwa Fundi Bomba, na mume wangu alikuwa hampendi kabisa. "Mama Nuru, fundi gani ana namba ya tarakimu nne? Zingine umezificha wapi?" Nami nacheka tu. Ukweli, Fundi Bomba hakuwa mtu. Zile tarakimu nne zilikuwa namba yangu ya siri ya pesa za kwenye simu. Shangazi Tanga alikuwa kadi ya benki. Nilijiona mjanja!

Jioni moja pale Mwenge nikisubiri daladala, bodaboda ikapita, na simu ikaenda nayo. Nikajipa moyo kwamba ina kufuli. Kumbe majina yale niliyahifadhi kwenye laini tangu enzi za simu za vitufe, na laini haina habari na kufuli la simu. Ukiipachika kwenye simu nyingine, majina yote yanasomeka. Kabla sijaazima simu ya mtu ili laini ifungwe, shilingi 720,000 zilishaondoka. Kodi ya miezi mitatu hiyo, na nusu yake jasho la Baba Nuru.

Hakunigombeza. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Kwa hiyo fundi kweli alikuwa mwizi." Nikalia na kucheka kwa pamoja.

Sasa tuweke wapi? Yeye alitaka daftari. Mimi nikamwonyesha Nuru, ambaye hajawahi kuona karatasi asiichane. Kaka mmoja wa kompyuta ofisini ndiye aliyenielekeza kwenye programu za kutunza nywila: zote zinavurugwa zisisomeke, na neno moja kuu ndilo linalofungua. KeePass, iliyoanza 2003, inakuachia faili lako ulitunze na kulinakili mwenyewe. Bitwarden, ya mwaka 2016, huweka nakala iliyovurugwa mtandaoni, ukiibiwa simu unaikuta kwenye simu mpya, na huduma yake ya kawaida ni bure. Kwa mtu aliyeshaibiwa, uamuzi haukuwa mgumu. Kilichonisitisha wiki nzima ni hili: ukisahau neno kuu, hata wenye kampuni hawawezi kukurudishia.

Neno langu ni maneno matano yasiyohusiana. Namba ya siri ya pesa sikuiweka humo, hiyo inakaa kichwani. Laini nayo nimeiwekea namba yake. Ukikosea mara tatu inajifunga.

Baba Nuru akataka kulijua neno kuu. Nikagoma! Si kwamba nina la kuficha, ila barua pepe zangu na marafiki zangu ni zangu, na zake sizitaki. Lakini je, mmoja akilazwa ghafla? Basi kila mtu ameandika lake, likatiwa kwenye bahasha, bahasha ikagundishwa na kusainiwa juu ya gundi, zote mbili sandukuni pamoja na cheti cha ndoa.

Juzi nilichungulia. Yake ipo vilevile. Yangu imekunjika pembeni kidogo, na mpaka sasa ninayemshuku ni Nuru.