Ung'eng'e wa Forodhani: 'Sleep' si kulala kila siku!

Kama hujafika Forodhani jioni, msomaji wangu, unapitwa. Panda boti iendayo kasi pale Dar, baada ya kama saa mbili upo Unguja. Jivute taratibu mpaka kwenye bustani mbele ya Ngome Kongwe. Jua likizama taa zinawashwa, moshi wa mishikaki unapanda, miwa inakamuliwa, urojo unachotwa, na vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani. Raha ile mbaya!

Lakini wiki hii sikuletei habari za urojo. Nakuletea za ung'eng'e, maana hapa ndipo lugha inapogeuka mkate. Vijana wanaouza safari za Kisiwa cha Changuu, kule kwenye kobe wakubwa, wanaishi kwa midomo yao.

Jioni hiyo mmoja wao alikuwa amemwaga sera kwa mama mmoja wa Kizungu na mumewe. Kobe wamesifiwa, bei imekaa sawa. Mama akatabasamu, akasema: "Let me sleep on it." Kijana kusikia "sleep" tu, akaanza kunadi gesti ya binamu yake, eti vitanda vina chandarua! Wageni wakatazamana, wakaaga. Safari ikaota mbawa.

Kumbe mama aliomba usiku mmoja wa kufikiria, asubuhi atoe jibu. Kijana angesema tu "kesho saa tatu nipo hapa hapa", huenda pesa ingeingia.

Mzee mmoja mtembeza wageni, aliyekuwa pembeni na kikombe chake cha kahawa, akamwita. "Njoo mwanangu. Sie twasema fulani mkono wa birika. Mgeni akienda kutafuta birika, atampata bahili? Na picha twapiga, pasi twapiga, mswaki twapiga, mbona hakuna alojeruhiwa?"

Umemsoma mzee? Maneno yana marafiki zake. Mwingereza picha hapigi, anaichukua: "take a photo". Chai iliyokolea ni "strong tea", upepo mkali ni "strong wind", lakini mvua kubwa ni "heavy rain", na foleni ya magari ni "heavy traffic". Kosa unasema "make a mistake", usithubutu kuweka "do". Ukitafsiri neno moja moja labda utaeleweka, ila mgeni atachoka kukusikiliza. Na akisema kitu "costs an arm and a leg", usimkague mkono wala mguu. Analia na bei, mshikaji, punguza!

Dawa yake rahisi. Usikariri neno peke yake, andika na rafiki yake. Matatu kwa siku yanatosha, na kesho yake uyatumie kwa mtu, yasiozee daftarini. Ile "raining cats and dogs" tuliyokaririshwa shuleni, Waingereza wenyewe siku hizi hawaitumii sana. Sikiliza wanachosema watu, siyo kitabu peke yake.

Yule kijana aliokota ganda la sigara, akaazima kalamu, akaandika maneno yote matano ya yule mama. Safi sana! Kesho hatanadi gesti tena.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na kama bado unabisha, ndugu yangu, "sleep on it"!