Mawe ya Chemba na Watu wa Kale

Mtu akitoka mji wa Dodoma na kushika njia kuu iendayo kaskazini, hupita nyika pana ya mibuyu na miti ya miiba, na kabla ya kufika Kondoa hupita Chemba. Ni mji mdogo, lakini tangu mwaka 2012 ndio makao ya wilaya yenye jina hilo, iliyotengwa na wilaya ya Kondoa. Wasafiri wengi hawashuki hapa. Huona vumbi, mbuzi, mashamba ya mtama na uwele, na vilima vya mawe makubwa yaliyopandana, nao husema, "Nchi hii haina kitu." Sisi tuliizunguka nchi hiyo wakati wa kiangazi, kwa baiskeli na kwa miguu, nasi twataka kuwaeleza ndugu wasomaji mambo tuliyoyaona na kujifunza, maana wenye elimu ya mambo ya kale huiheshimu nchi hii kuliko wengi wa wenyeji wake.

Tulianza kwa kusikiliza. Siku ya mnada wa ng'ombe, mtu akikaa kivulini na kutega sikio, atasikia lugha zisizofanana hata kidogo. Warangi na Wagogo husema lugha za Kibantu, ndugu za Kiswahili. Waburunge husema lugha ya jamaa ya Kikushi, na ndugu zake wa mbali ni Kisomali na lugha nyingine za Uhabeshi. Wabarabaigi, wafugaji waletao ng'ombe zao, husema lugha ya jamaa ya Waniloti, ambao asili yao ni pande za mto Nile. Tena wako Wasandawe, ambao maneno yao yana vidoko, yaani sauti za kupiga ulimi kinywani, na lugha yao haina ndugu karibu. Wenye elimu huifananisha na lugha za watu wa jangwa la Kalahari, mbali sana kusini. Mahali ambapo jamaa nne za lugha hukutana hivi ni pachache sana katika Afrika nzima. Basi, kila lugha ni kama unyayo njiani: huonyesha kwamba watu fulani walipita au walifika, kila kundi kwa wakati wake.

Waliotangulia ni wawindaji. Katika jiwe la Kisese, upande wa Kondoa, bwana mmoja jina lake Ray Inskeep alichimba mwaka 1956, akaondoa udongo kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka. Humo zilionekana shanga nyingi zilizofanywa kwa maganda ya mayai ya mbuni, zimetobolewa katikati na kusuguliwa zikawa duara. Baadaye wataalamu wakayapima maganda hayo, wakaona kwamba zilizo za kale zaidi zina miaka zaidi ya 40,000. Wasomaji wafikiri sana hesabu hiyo. Maandishi ya kwanza ya dunia yana miaka ipatayo 5,000 na kidogo. Kwa hiyo mtu wa Kisese alitoboa shanga yake muda mrefu mara nane kuliko ule uliopita tangu mwandishi wa kwanza kushika kalamu. Naye hakuitoboa kwa njaa, maana shanga hailiwi. Aliitoboa apate kujipamba, au ampe mtu ampendaye.

Baada ya wawindaji walikuja wafugaji kutoka kaskazini, wakiswaga ng'ombe na mbuzi, yapata miaka 3,000 iliyopita. Kisha, katika miaka 2,000 hii ya mwisho, wakaja wakulima wa Kibantu na majembe ya chuma na mbegu zao. Nyuma yao wakafika wafugaji wengine, Waniloti. Hawakuja wote siku moja, wala aliyekuja nyuma hakumfuta kabisa aliyetangulia. Walioana, walibadilishana asali kwa nafaka na ngozi kwa chuma, na mara nyingine walipigana.

Toka Chemba tulielekea magharibi, kwenda nchi ya Wasandawe, iliyo kati ya mto Bubu na mto Mponde. Tulipofika Bubu haukuwa na maji, bali mchanga mtupu, na wanawake walikuwa wakichimba visima vidogo katika mchanga huo na kuteka kwa kata. Katika kijiji kimoja tulipokewa na mzee wa Kisandawe, naye akatutia njiani mpaka kilimani. Palikuwa na jiwe kubwa lililoinama kama paa la baraza, na chini yake pakavu. Mwanzo hatukuona kitu. Mzee akasema, "Ngojeni, walimu, macho yazoee kivuli." Ndipo tukaona twiga, mwekundu, shingo yake imechorwa kwa mstari mwembamba, na nyuma yake pofu, na kando watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa kama waliofunga nywele. Juu ya picha hizo palikuwa na nyingine nyeupe, nene, zilizopakwa kwa kidole. Zile nyekundu ni za wawindaji, nazo hutangulia. Hizi nyeupe ni za wakulima waliokuja baadaye. Hivyo jiwe moja limewaweka wageni na wenyeji pamoja.

Tulimwuliza mzee rangi ile ni ya nini. Akatuambia kwamba ni udongo mwekundu uliosagwa na kuchanganywa na mafuta ya mnyama. Maneno yake yapatana na yaliyoandikwa na Bwana Eric ten Raa, aliyekaa na Wasandawe. Mwaka 1971 alieleza kwamba desturi ya kuchora haikuwa imesahauliwa kwao. Wengine walichora kwa ajili ya uwindaji, wengine kwa ajili ya tambiko za ukoo, na wengine kwa kujifurahisha tu. Na upande wa Swagaswaga, katika pori la wanyama lililohifadhiwa, mtaalamu wa Poland aitwaye Maciej Grzelczyk alionyeshwa mwaka 2018 jiwe liitwalo Amak'hee, lenye picha za watu watatu watatu, vichwa vyao kama vya nyati. Jiwe lililo juu yake limezuia mvua na jua, hata picha hazijafutika. Kumbe hata leo vilima hivi havijatoa vyote vilivyomo.

Vijana wa shule hutuuliza swali hili: "Mbona watu wa Misri walijenga piramidi, na watu wa Iraki walijenga miji, lakini wazee wa hapa walichora mawe tu? Je, akili zao zilikuwa haba?" Swali hili halifai kudharauliwa, kwa kuwa kijana asipojibiwa atajijibu mwenyewe, tena vibaya.

Jibu letu ni hili. Mto Nile ulikuwa ukifurika kila mwaka na kuacha matope yenye rutuba. Na katika Iraki watu walichimba mifereji kutoka mito miwili, Furati na Hidekeli. Shayiri na ngano zilizaa kupita mahitaji ya mlimaji. Nafaka ikijaa ghalani, mtu mmoja aweza kuwalisha wengine wasiolima: mwashi, mfua shaba, askari, karani, mfalme. Ndivyo mji wa Uruk ulivyokuwa, wenye watu maelfu mengi, miaka zaidi ya 5,000 iliyopita. Na maandishi yake ya kwanza hayakuwa mashairi wala sheria. Mengi yalikuwa hesabu: shayiri kiasi gani imeingia, kondoo wangapi wametoka. Uandishi ulizaliwa ghalani.

Chemba hapana mto wa namna hiyo. Mvua hunyesha tangu Desemba hata Aprili, kisha mbingu hufungwa. Mvua ikikawia mwezi mmoja, mtama hukauka shambani. Katika nchi kama hii, mtu aliyeweka tumaini lake lote katika ghala moja angalikufa mwaka wa njaa; lakini mtu aliyejua mizizi, asali, njia za wanyama na mahali pa maji chini ya mchanga aliishi, na watoto wake waliishi. Elimu hiyo haina kuta wala minara, lakini ni elimu, nayo imewalisha watu hapa miaka maelfu mengi. Akili ni ile ile. Ardhi na maji ndivyo vilivyotofautiana.

Tena vijana wajue kwamba Afrika haikungoja kufundishwa kulima. Mtama tunaoula Chemba ulianza kulimwa na watu wa Sudani ya mashariki zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na uwele ulilimwa kwanza kusini ya jangwa la Sahara, upande wa Mali, yapata miaka 4,500 iliyopita. Punda abebaye maji yetu alifugwa kwanza katika Afrika. Vitu hivi vilisafiri kutoka mkono hata mkono, mpaka vikafika nchi hii kame vikastahimili.

Sasa tuseme neno lenye uchungu. Chini ya lile jiwe tuliona shimo jipya, refu kwenda chini, na udongo wake umetupwa huku na huku. Mzee akasema, "Wanatafuta dhahabu ya Wajerumani." Ni kweli kwamba Wajerumani waliondoshwa Kondoa mwezi wa Aprili 1916 na jeshi la Jenerali van Deventer, na tangu hapo uvumi umeenea kwamba walipokimbia walizika mali chini ya mawe yenye picha. Ndugu zetu, fikirini wenyewe: jeshi lenye haraka, adui yu nyuma, litabeba dhahabu na kuipandisha kilimani, kisha liiweke alama kwa picha zilizokuwapo kabla ya Ujerumani kuwa na jina? Picha si alama za hazina. Na udongo wa chini ya jiwe umelala tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu. Achimbaye kwa sururu huzichanganya kurasa zote, wala hakuna mtu awezaye kuzipanga tena. Kama pangekuwapo shanga kama zile za Kisese, sasa umri wake haujulikani milele.

Wengine huharibu kwa njia nyingine. Huwasha moto chini ya mawe, na masizi hufunika picha. Huzimwagia maji ili zing'ae zipate kupigwa picha, na rangi hutoka. Huandika majina yao kwa mkaa. Na tumewasikia Wakristo wakisema kwamba picha hizi ni kazi ya mashetani, yafaa zikwanguliwe. Tuwajibu kwa upole: twiga ni twiga, na aliyemchora alikuwa mtu, mwenye mkono na jicho kama letu. Kumtazama twiga huyo si kumwabudu.

Mzee alituambia jambo jingine tulipokuwa tukishuka. "Walimu," alisema, "mjukuu wangu anachekwa shuleni. Wenzake humwita mtu wa porini. Sasa hataki kuisema lugha yetu hata nyumbani kwa bibi yake." Hatukuwa na jibu la papo hapo, ila tuliahidi kuandika. Basi, enyi wazazi na walimu, mkimsikia mtoto akimcheka mwenziwe Msandawe, mwambieni kwamba wazee wa yule amchekaye walikuwa wenyeji wa nchi hii wakati wazee wetu sisi Wabantu hawajaijua njia ya kufika. Aliyemkuta mwenzake nyumbani hubisha hodi; hamcheki mwenye nyumba.

Mawe ya upande wa Kondoa yaliwekwa na UNESCO mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia nzima, na Kolo kuna ofisi ya mambo ya kale. Sheria ya mwaka 1964 yakataza kuchimba mahali pa kale pasipo ruhusa. Lakini mlinzi wa ofisi hawezi kukaa chini ya kila jiwe, nayo ni mamia. Akaaye karibu ni wewe msomaji, na mchungaji wa mbuzi, na mama aokotaye kuni. Ukiona picha, itazame bila kuigusa, wala usiimwagie maji. Ukiona shimo jipya, mwarifu mwenyekiti wa kijiji siku ile ile. Na ukipita Chemba safari nyingine, shuka, umsalimu mzee mmoja, umwombe akuonyeshe.